Bi Gramu na Mapipa Matatu

Kiwanda kile cha mawese kilikuwa na kelele kila mahali isipokuwa katika chumba kimoja. Nje mvuke ulipiga miluzi, mikungu ya chikichi ilishuka kwa kishindo kwenye mabehewa ya chuma, vinu vya kukamulia vikanguruma kutwa nzima. Ndani ya chumba kile ulisikia saa ya ukutani na matone. Tone, kimya, tone. Humo ndimo alimofanya kazi kwa miaka thelathini na mmoja mwanamke ambaye kiwanda kizima, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mwenye funguo za ofisi kuu, kilimwita Bi Gramu.

Jina hilo alilipata sokoni. Aliwahi kupima fungu la nyanya kwa kiganja, akamwambia muuzaji kwamba limepungua gramu arobaini. Muuzaji akacheka, akaita watu waje wamwone mama mwenye mizani mkononi. Fungu likawekwa kwenye mizani ya jirani, likapungua gramu thelathini na nane. Bi Gramu akaomba radhi kwa zile mbili.

Kazi yake ilikuwa ya ajabu ukiifikiria. Watu wote pale walishughulika na mafuta yaliyopatikana. Yeye peke yake alishughulika na yaliyopotea. Chikichi likishakamuliwa hubaki makapi, nyuzinyuzi za kahawia zinazosafiri kwenye mkanda mrefu mpaka kwenye boila, zikachomwe badala ya kuni. Makapi hayo hayaishi mafuta kabisa, maana hakuna kinu kinachokamua mpaka tone la mwisho. Swali ni moja tu, yamebaki na mafuta kiasi gani. Na swali hilo halijibiwi kwa kukodoa macho.

Bi Gramu aliyakausha makapi kwenye oveni mpaka uzito wake ugome kushuka. Kisha akayatia kwenye mtambo wa kioo uliosimama mezani kama familia ya korongo. Chini ya mtambo dawa ilichemka, ikapanda kama mvuke, ikapoa kule juu, ikayanyeshea makapi tone kwa tone kwa saa sita, ikiyaosha mafuta na kushuka nayo kwenye chupa. Mwisho dawa ilivukizwa, mafuta yakabaki peke yake, yakapimwa. Kama kila gramu mia za makapi makavu zilikuwa na gramu nne na nusu za mafuta, kinu ni kizima. Zikifika sita, kinu kinaumwa. Zikipita saba, mnachoma mafuta huku mkidhani mnachoma takataka.

Namba zote alizipata hivyo, akaziandika kwa wino katika madaftari kumi na saba yaliyopangwa kabatini, na katika madaftari hayo yote hapakuwa na namba hata moja iliyokatwa. Si kwamba aliogopa kukata. Hakuandika mpaka awe na hakika. Siku hizi namba inaandikwa kwanza, hakika inatafutwa baadaye kama kuna nafasi. Yeye alikuwa wa watu wa kale katika hilo, na alijua, na alijivunia zaidi kidogo kuliko alivyokiri.

Zamani alikwenda kuchukua makapi mwenyewe. Alipanda ngazi thelathini na nne mpaka kwenye jukwaa la vinu, akasimama pembeni ya mkanda, akachota viganja vinane kutoka upana wote, kushoto, katikati na kulia, maana makapi ya pembeni huwa makavu kuliko ya katikati na mvivu huchota yaliyo karibu naye. Akayatia kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Makopo hayo yalitengenezwa na mzee mmoja fundi bati nyuma ya soko, na mfuniko wake ukiufunga ulitoa sauti kama mtu anayebusu mtoto shavuni. Fundi bati alikufa, na hakuna aliyerithi nyundo yake. Wanawe wanauza vifuniko vya simu.

Kisha mambo mawili yakatokea karibu pamoja. Goti la kulia la Bi Gramu likaanza kumgomea kwenye ngazi. Na akaja meneja mpya.

Huyu meneja hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa rahisi kusimulia kama angekuwa mbaya. Alikuwa kijana mwenye adabu, msomi, shati lake halikuwa na doa katika kiwanda ambacho hata mbwa wa getini ana madoa. Siku ya kwanza kuingia maabara aliyaona makopo ya bati yamejipanga dirishani, mengine na kutu kwenye pindo.

"Mama," akasema kwa upole, "hii ni maabara au duka la vyuma chakavu?"

Watu waliomfuata wakacheka. Bi Gramu naye akacheka, kwa heshima. Wiki iliyofuata makopo yakatupwa, zikaletwa bahasha za kaki, safi, kila moja ina lebo iliyochapwa, tarehe na zamu na namba ya kinu. Zilipendeza. Na kwa kuwa goti lilikuwa bovu, karani wa zamu akapewa kazi ya kupanda juu na kuzijaza. Alizijaza asubuhi, akazipanga kwenye kizingiti cha dirisha juu ya bomba la mvuke, na saa nane mchana akaziteremsha zote kwa mpigo. Hakuna aliyeuliza yale makopo yalikuwa yakifanya kazi gani zaidi ya kushika kutu. Bi Gramu mwenyewe hakuuliza. Hilo likumbukwe.

Miezi minne ikapita. Namba zilikuwa nzuri, nne na nukta mbili, nne na nukta tatu, nne na nukta mbili tena. Meneja alizibandika ubaoni.

Mwezi wa pili wa bahasha, fundi wa vinu alishuka mpaka maabara. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya chini, na walimwita Taratibu kwa sababu hilo ndilo neno alilotumia kwa kila jambo, kuanzia kufunga nati mpaka kutoa salamu za msiba. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka ishirini. Alifungua kiganja, mna makapi ndani.

"Dada, hebu shika. Yananiteleza."

Bi Gramu akayashika. Yalikuwa na utelezi kidogo, lakini makapi ya moto huteleza.

"Skrubu zangu za kukamulia zimelika," Taratibu akasema. "Nimeomba mpya mara mbili. Naambiwa maabara inasema makapi yako ni makavu."

"Ndivyo yalivyo." Akamfunulia daftari, akamwekea kidole. "Nne na nukta tatu. Ni ya jana."

"Mkono wangu unasema mengine."

"Mkono wako ni wa kushika spana, kaka. Huku tunatumia mizani."

Alisema kwa utani. Taratibu hakucheka. Akafunga kiganja chake taratibu, akapanda ngazi zake.

Jumatatu moja ya mwezi wa nne, wakuu wa idara waliitwa ofisini. Meneja alikuwa amepiga hesabu na kuonyesha kwenye ukuta. Mikungu iliyoingia ni kadha, mafuta yaliyofika kwenye tangi ni kadha, yaliyopotea kwenye makapi ni kadha, kwa mujibu wa maabara. Yakijumlishwa, kila siku palikuwa na pengo la mapipa matatu ya mafuta. Hayakuwa kwenye tangi wala kwenye makapi.

"Mafuta hayapai hewani," meneja akasema. "Kama hayakupotea, yamechukuliwa. Na mabomba yanayotoka kwenye vinu kabla ya mita yako chini ya mtu mmoja."

Hakumtaja, na hapakuwa na haja. Akasema Ijumaa asubuhi atakuja mpelelezi wa polisi, na mhusika atakabidhi funguo. Taratibu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango kwa kuwa ovaroli lake lilikuwa na mafuta na hakutaka kuchafua kiti, alimtazama Bi Gramu. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake akumbuke kitu. Bi Gramu akainamisha macho kwenye daftari lake.

Jumanne jioni alikuwa akifunga maabara. Mama mfagizi, mjane mwenye watoto watano na ulimi usiolala, alikuwa akikusanya taka.

"Mama, hizi bahasha umemaliza nazo?"

"Nimemaliza. Tupa."

"Nitupe? Mimi nazipeleka nyumbani. Tangu ziletwe sijanunua mafuta ya taa ya kuwashia mkaa. Unaweka moja chini ya jiko, unagusa kiberiti, unakaa mbali. Mwanangu anasema karatasi za kazini kwenu zina uchawi."

Bi Gramu alikuwa ameshika swichi ya taa. Akaiacha.

"Nipe moja."

Akaiinua dirishani kwenye mwanga wa jua la kuzama. Bahasha ya kaki huwa haipenyezi nuru. Hii ilipenyeza nusu nzima, kuanzia chini, kama kioo cha dirisha la chooni. Akaiweka kiganjani, kile kiganja cha nyanya. Akachukua mpya kutoka kwenye boksi, akaiweka kwenye kiganja cha pili.

"Mama, umeugua?" mfagizi akauliza.

"Bado," Bi Gramu akasema.

Nyumbani mume wake, fundi cherehani aliyefanyia kazi barazani, alikuwa akipachika vifungo kwenye sare za shule. Bi Gramu hakuvua viatu. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akateremsha kopo la bati lenye mfuniko, la mwisho lililosalia duniani kwa kadiri alivyojua, alilolileta mwenyewe miaka ile lilipopata tundu, fundi bati akaliziba, likageuka mali ya mumewe.

"Hilo ni la vifungo vyangu," mume akasema bila kuinua kichwa.

"Nalihitaji."

"Navyo nivimwage wapi, mdomoni?"

"Hata huko. Utapunguza maneno."

Akavimwaga mezani. Mume akasimamisha cherehani, maana katika ndoa ya miaka thelathini na minne alikuwa amejifunza kutofautisha utani wa mkewe na utani wa mkewe wenye kitu nyuma. Bi Gramu akaeleza. Karatasi imekuwa ikinywa mafuta tangu asubuhi mpaka saa nane, juu ya bomba la moto, na yeye amekuwa akipima kilichosazwa na karatasi. Kama ni kweli, mapipa matatu hayakuibwa. Yaliungua kwenye boila mbele ya macho ya watu wote.

"Basi Taratibu amepona," mume akasema.

"Amepona."

"Mbona sura hiyo?"

"Miezi minne, mzee. Kila siku namba tatu, na kila moja nimetia sahihi. Walimnyima skrubu kwa sahihi yangu. Wanamwita mwizi kwa sahihi yangu. Na alikuja, akanipa makapi mkononi, nikamfanyia mzaha."

Mume akaokota kifungo kimoja, akakigeuzageuza. "Umebakiza wiki ngapi kustaafu?"

"Sita."

"Ungeweza kusema bahasha zina kasoro, ukaishia hapo. Bahasha haina mdomo wa kujitetea."

"Ningeweza."

"Lakini hutaweza."

Bi Gramu alikuwa ameshageuka. Alikuwa akiosha kopo.

Jumatano asubuhi alipanda ngazi thelathini na nne. Alizipanda moja moja, mguu mzima kwanza, mguu mbovu ukifuata kama mtoto aliyekataa shule, na watu wa vinu wakasimama kutazama, kwa kuwa hawakuwa wamemwona juu kule tangu bahasha ziletwe. Taratibu alimwona. Hakuja kumsaidia, wala Bi Gramu hakumtazamia aje. Akasimama pembeni ya mkanda, akachota viganja vinane, kushoto, katikati, kulia. Akayachanganya kwenye sinia, akayagawa nusu kwa nusu. Nusu moja akaifunga ndani ya kopo, na mfuniko ukatoa ile sauti yake. Nusu ya pili akaitia kwenye bahasha, akampa karani wa zamu.

"Fanya kama kila siku. Usiongeze adabu."

Karani akaipanga kwenye kizingiti juu ya bomba, akaileta saa nane. Yote yakalala kwenye oveni mpaka asubuhi. Alhamisi, saa moja kamili, aliwasha vioo vinne vya mtambo kwa pamoja. Cha kwanza makapi ya kopo. Cha pili makapi ya bahasha. Cha tatu bahasha yenyewe, ameikatakata kwa mkasi wa mumewe. Cha nne bahasha mpya isiyowahi kuguswa, asije mtu akasema karatasi huzaliwa na mafuta. Hakuna aliyemwagiza kuweka hicho cha nne. Ukitaka kujua tofauti ya mpimaji na msoma namba, basi itafute kwenye hicho cha nne. Kisha akaketi na kusikiliza matone kwa saa sita.

Makapi ya kopo yakatoa saba na nukta nane katika mia. Makapi ya bahasha, yaliyochotwa kiganja kimoja na yale, yakatoa nne na nukta tatu, namba ile ile nzuri ya ubaoni. Bahasha yenyewe ikatoa zaidi ya gramu moja ya mafuta mekundu, safi, ya kupendeza, na alipoyarudisha kwenye hesabu pengo likazibika. Bahasha mpya haikutoa kitu.

Kabla ya kwenda ofisini alifungua daftari la kumi na saba. Akachukua rula na kalamu nyekundu ambayo kwa miaka thelathini na mmoja aliitumia kupigia mistari ya kurasa tu. Akaikata kila namba ya miezi ile minne, ukurasa kwa ukurasa, mstari mmoja mmoja, ili namba iliyokatwa ibaki inasomeka. Ilimchukua dakika arobaini. Mwisho akaandika: Namba hizi si za kweli. Makapi yalibebwa kwenye karatasi nayo ikanywa mafuta. Mpimaji ni mimi. Akatia sahihi.

Meneja alisoma kurasa zote akiwa amesimama. Mezani kwake zilikuwepo chupa nne ndogo, na Bi Gramu amekaa akinyoosha goti.

"Kwa hiyo mwizi hayupo," akasema hatimaye.

"Yupo. Ni bahasha."

Meneja akatabasamu nusu, akaketi. "Mama, bahasha niliagiza mimi."

"Uliagiza wewe. Kupima napima mimi."

"Tunaweza kuandika kwamba karani hakufuata utaratibu. Aliziacha juu ya bomba. Hakuna haja ya daftari lako lote kuwa hivi. Wiki sita zimebaki, nimeshaandaa hotuba ya kukuaga, na ndani yake nimesema hukuwahi kukosea."

"Karani alibeba alichopewa. Kupima hakuanzii mezani, mwanangu, kunaanzia pale juu mkandani, na mimi niliacha kupanda. Hotuba unaweza kuifupisha."

Kijana akazisogeza chupa pembeni. Kisha, na hili lihesabiwe kwake, akapiga simu mbele yake na kumwambia mpelelezi asije.

Bi Gramu hakurudi maabara. Alipanda ngazi kwa mara ya pili wiki ile. Taratibu alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa.

"Kaka, mkono wako ulikuwa sahihi," akasema, kwa sauti ya kushinda vinu, ili na wengine wasikie. "Mimi nilikosea, na nikakucheka."

Taratibu akaendelea kufuta kidole kimoja kimoja. Alikuwa na haki ya kuchelewa kujibu, akaitumia.

"Goti linasemaje?" akauliza mwishowe.

"Linatukana."

"Shuka taratibu."

Jumamosi vinu vilifunguliwa. Skrubu zilikuwa zimelika mpaka kidole gumba cha Taratibu kikapita kati ya chuma na chuma, na meneja, shati lake safi limepata doa lake la kwanza, akachungulia ndani. Skrubu mpya zikaagizwa siku hiyo hiyo.

Zilipofungwa na kuwashwa, Taratibu alishuka mpaka kile chumba cha matone. Akanyoosha kiganja juu ya meza, mna makapi ndani, akayakamua mbele ya Bi Gramu kwa nguvu zake zote. Hayakuteleza. Yakavunjika kama nyasi kavu.

"Dada, pima."

Bi Gramu akayatazama, akautazama ule mkono mnene wenye mafuta.

"Umeyaleta kwa mkono? Ngozi yako nayo inakunywa. Rudi ukayalete kwa kopo."

Akamkabidhi kopo la bati. Taratibu akalifunga na kulifungua mara mbili, asikie mfuniko, kisha akaanza kupanda. Nalo halikurudi barazani tena. Vifungo vya fundi cherehani viko kwenye bahasha ya kaki mpaka leo.